Macho makavu yasiyopona: duka la dawa, duka la miwani au kliniki ya macho?

Mtu mwenye macho makavu ya muda mrefu ana swali moja la kulipatia jibu kabla hajanunua chupa nyingine ya matone: machozi yangu ni machache, au yapo ya kutosha lakini yanakauka upesi? Nilihangaika karibu mwaka na nusu bila kujua kwamba swali hilo lipo. Ninashona nguo hapa Arusha, na binti ninayemfundisha kazi ameanza kulalamika yale yale niliyokuwa nikilalamika mimi. Ikifika saa nane mchana macho yanamchoma kama yametiwa mchanga, na jioni akipanda bodaboda yanatiririka machozi mpaka anafika kwao. Ameniuliza aende wapi. Jibu langu lilikuwa refu, nikaona niliandike.

Kinachowachanganya wengi ni hayo machozi ya kwenye bodaboda. Mtu anasema, "Macho yangu yatakuwaje makavu na yanalia?" Yanalia kwa sababu yamekauka. Machozi ya kila siku, yale yanayolilainisha jicho bila sisi kuyahisi, yana ute unaoshika jicho, yana maji, na juu kabisa yana utando mwembamba wa mafuta. Mafuta hayo hutoka kwenye tezi ndogo zilizojipanga ukingoni mwa kope, 20 hadi 40 hivi kwa kila kope. Aliyewahi kupakua supu anajua kwamba yenye mafuta juu hukawia kupoa, kwa sababu mvuke hauna pa kutokea. Ndivyo jicho lilivyo. Tezi zikiziba, maji yanabaki wazi na kukauka kabla hujapepesa. Jicho linaungua, mwili unajibu kwa kumwaga machozi ya majimaji yasiyo na mafuta, yanateremka shavuni, na jicho linabaki na ukavu wake.

Hiyo ni aina ya kwanza, na ndiyo inayoonekana zaidi. Aina ya pili ni tezi za machozi zenyewe kutoa maji kidogo. Wapo pia wenye zote mbili. Mimi nina ya kwanza. Dada yangu anayeishi Pasua, Moshi, ana ya pili. Kwa miezi mingi tulikuwa tukielekezana dawa kwa simu, kila mmoja akimwambia mwenzake kilichomsaidia, na hakuna aliyepona kwa dawa ya mwenzake. Kwa hiyo kila sehemu nitakayoitaja hapa chini naipima kwa kipimo kimoja: inaweza kunijibu lile swali la mwanzo?

Duka la dawa

Haliwezi. Nasema hivyo bila kuwadharau wanaofanya kazi humo, maana hawana kifaa cha kuliangalia jicho. Uzuri wake ni kwamba lipo karibu, halina foleni, na lipo wazi hata Jumapili jioni. Kama macho yamekauka wiki hii tu kwa sababu ya vumbi la kiangazi, moshi wa kuni msibani au mahesabu ya kwenye kompyuta, nenda kanunue machozi bandia, tumia mara nne kwa siku, upumzike. Wengi wataishia hapo.

Tatizo linaanza pale ukavu unapozidi wiki tatu au nne na wewe bado unabadilisha chupa. Ukiomba "dawa ya macho" unaweza kupewa moja kati ya vitu vitano visivyohusiana kabisa. Kuna za kuua bakteria, kama kloramfenikoli na gentamaisini. Kuna za aleji. Kuna za kuondoa wekundu, ambazo hubana mishipa ya damu kwa saa chache, na ukizizoea wekundu hurudi mkubwa kuliko wa mwanzo. Kuna zenye steroidi. Na kuna machozi bandia, ambayo peke yake ndiyo yametengenezwa kwa ajili ya ukavu. Kwenye kibandiko utaona majina kama kaboksimethiliselulosi, hipromelosi, kaboma au sodiamu hialuroneti.

Za steroidi ndizo ninazotaka kuzisemea kwa nguvu. Katika duka moja nililokuwa nikinunua, nilipewa chupa ya deksamethasoni nikaambiwa ni ya aleji. Siku ya pili macho yalikuwa meupe, hayachomi, nikamshukuru Mungu. Chupa ilipoisha yakarudi. Nikanunua nyingine, na nyingine, miezi minne ya kuacha na kuanza, bila mtu yeyote kunipima. Steroidi hutuliza uvimbe wa aina yoyote, ndiyo maana hudanganya. Ukiitumia muda mrefu bila usimamizi inaweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya, kuharakisha mtoto wa jicho, na kukaribisha maambukizi kwenye kioo cha jicho. Daktari akiiandika, huiandika kwa siku chache na kukupa tarehe ya kurudi kupimwa. Ukiona kwenye chupa deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, na hakuna daktari wa macho aliyekuandikia, usiitie. Kama umeshaitumia kwa wiki nyingi, usiishie kuiacha tu, nenda ukapimwe presha ya macho.

Na kuna tiba za majirani: maziwa ya mama, maji ya majani, na mengine ambayo hata kuyataja sitaki. Jicho kavu lina michubuko midogo isiyoonekana kwa macho, na uchafu ukiingia humo unazaa kidonda. Watu wamepoteza macho kwa njia hiyo.

Duka la miwani

Hapa nilipata nusu ya jibu, na nusu hiyo ilikuwa na thamani. Mtaalamu wa optometria, yaani aliyesomea kupima uwezo wa macho kuona, alinipima akagundua kwamba kwa umri wangu nilihitaji miwani ya karibu. Nilikuwa nakodoa macho kutunga uzi kwenye sindano, na anayekodoa hapepesi. Kupepesa ndiko kunakokamua mafuta kutoka kwenye zile tezi na kuyatandaza juu ya jicho. Tunapokazia macho kitu, iwe mshono, simu au kitabu, tunapepesa mara chache zaidi, na mara nyingi kope hazifungi mpaka chini.

Miwani iliondoa maumivu ya kichwa ya jioni. Mchanga machoni ulibaki palepale.

Tofauti kati ya duka na duka ni kubwa. Kwingine utamkuta muuzaji wa fremu na mashine inayokisia namba ya miwani basi. Kwingine yupo mtaalamu wa optometria aliyesomea, mwenye ile darubini unayoegemeza kidevu, anayeweza kukagua kope na kuona kama kuna tatizo la kupeleka mbele. Kabla hujakaa kwenye kiti uliza hivi: "Mnaweza kunipima machozi, au mnapima miwani tu?" Aliye mkweli atakujibu mara moja. Yule wangu aliniambia, "Mama, miwani nimekupa, lakini hayo ya kuchoma kamwone daktari." Nilimheshimu kwa sentensi hiyo kuliko kwa miwani.

Kwa mtu aliyevuka miaka 40 ambaye macho yanamchosha zaidi akiwa anasoma au anashona, mimi ningeanzia hapa. Kwa anayechomwa tangu anapoamka asubuhi, au anayekauka mdomo pia, ningeliruka.

Kliniki ya macho ya hospitali

Hapa ndipo swali linapojibiwa, na vipimo vyenyewe ni vya kushangaza kwa urahisi wake. Naeleza kwa kirefu kwa sababu ukivijua utajua kama umepimwa kweli au umeandikiwa dawa kwa kusimulia tu.

Kwanza ni maswali, na yasiyohusu macho ndiyo yenye uzito: unatumia dawa gani nyingine? Vidonge vya aleji na mafua kama setirizini na piritoni hukausha macho. Amitriptilini, ambayo wengi hupewa kwa ajili ya maumivu ya mishipa au usingizi, hukausha pia. Vivyo hivyo baadhi ya matone ya presha ya macho. Kisukari, matatizo ya tezi ya shingo, baridi yabisi, VVU, ukomo wa hedhi, vyote vina njia yake ya kufika kwenye machozi. Anayehudhuria CTC, kliniki ya wenye VVU, au kliniki ya sukari aseme waziwazi. Anayesikiliza ni daktari, na habari hiyo inaweza kuokoa miezi ya kubahatisha.

Halafu darubini. Daktari anaangalia ukingo wa kope na kuubonyeza taratibu. Mafuta mazuri hutoka kama ya kupikia, yanayoteleza. Yangu yalitoka mazito, kama dawa ya meno. Anakunjua kope la juu pia, na kwa watu wa kwetu hili si la kurukwa: kwa aliyekulia Longido, Monduli au Ngorongoro, macho yanayokwaruza yanaweza kuwa ni makovu ya trakoma, vikope tunavyovijua tangu zamani, na nywele za kope zilizogeukia ndani. Hilo halitibiwi kwa machozi bandia. Kama kuwashwa ndiko kunakozidi, hasa kwa mtoto anayefikicha macho siku nzima, huenda ni aleji, na nayo ina njia yake.

Kisha rangi ya manjano inawekwa jichoni na taa ya bluu inawashwa. "Usipepese, mama," akaniambia, akaanza kuhesabu. Anatazama inachukua sekunde ngapi mpaka utando wa machozi upasuke. Chini ya sekunde 10 ni dalili ya machozi yasiyotulia. Wangu ulipasuka kwenye ya nne. Rangi hiyohiyo huonyesha michubuko ya kioo cha jicho kama vitone vya kijani.

Mwisho ni karatasi, kipimo kilichoanzishwa na daktari Mjerumani Otto Schirmer mwaka 1903 na mpaka leo kinatumika. Kipande chembamba cha karatasi hukunjwa ncha, huning'inizwa kwenye kope la chini, unafumba macho dakika 5. Ikilowa zaidi ya milimita 10, maji yapo. Ikilowa 5 au pungufu, machozi ni machache kweli. Yangu ilivuka 15. Ya dada yangu ilikuwa 3.

Hapo tukaachana njia, yeye na mimi. Kwa kuwa ana baridi yabisi na hawezi kumeza chakula kikavu bila maji mkononi, daktari alimpeleka kwa wenzake wa magonjwa ya ndani akachunguzwe damu kwa ugonjwa wa Sjögren. Jina hilo ni la daktari wa macho wa Uswidi, Henrik Sjögren, aliyeueleza mwaka 1933: kinga ya mwili inashambulia tezi za machozi na za mate. Dada alikuwa ameyachukulia macho, mdomo na viungo kuwa mikosi mitatu ya uzee. Ilikuwa kitu kimoja, na hakuna chupa ya dukani ambayo ingemwambia.

Hospitali ya mkoa, KCMC au kliniki binafsi?

Kwa aliyeko Arusha, Mount Meru ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa aliyeko Moshi ni Mawenzi. Zote zina kliniki ya macho, gharama ni za kubebeka, na ndiko ningemwelekeza mtu aanzie. Darubini, rangi na presha ya macho vinatosha kujibu sehemu kubwa ya lile swali.

KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 pale juu ya mji wa Moshi, ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini, na idara yake ya macho ni chuo pia: hufundisha madaktari bingwa wa macho na wataalamu wa optometria. Faida yake kwa mgonjwa ni kwamba mabingwa wa fani nyingine wapo kwenye eneo lilelile, kama ilivyomfaa dada. Usumbufu wake ni muda. Foleni ya asubuhi ni ndefu, na unaweza kuangaliwa na mwanafunzi kwanza kisha mwalimu wake. Mimi sikuchukia, maana nilitazamwa mara mbili. Kutoka Arusha ni kilomita 80 hivi, na kosta inasimama kila kituo, Tengeru, Usa River, Boma Ng'ombe, kwa hiyo panga siku nzima.

Kliniki binafsi ya macho hushinda kwa jambo moja, haraka. Kwa mtu wa dukani asiyeweza kufunga siku nzima hilo si dogo. Lakini piga simu kwanza uulize mambo mawili: anayeona wagonjwa siku hiyo ni daktari bingwa wa macho, na wanapima machozi. Nimesikia wengi waliolipa pesa nzuri wakatoka na miwani tu.

Mwenye bima aulize mapema habari ya barua ya rufaa kabla hajapanda kwenda hospitali ya kanda, na aulize pia ni matone yapi yanalipiwa. Machozi bandia ni ya kununua mwezi baada ya mwezi, kwa hiyo bei ya chupa ina uzito kuliko ada ya siku moja ya kumwona daktari.

Uchaguzi wangu, kama ningeanza leo: wiki mbili za machozi bandia, halafu hospitali ya mkoa moja kwa moja. KCMC ningeiendea mapema kama viungo vinauma, mdomo unakauka, au tiba ya miezi mitatu haijasogeza kitu. Na maumivu makali, mwanga kuuma macho, kuona kupungua ghafla, au doa jeupe kwenye mboni, hayo hayana ulinganisho wowote. Ni hospitali siku hiyohiyo. Mtoto mdogo asiyeona gizani pia apelekwe upesi. Ukavu wa namna hiyo unaweza kuwa upungufu wa vitamini A, ambao ni ugonjwa mwingine kabisa.

Tiba zenyewe, moja kwa nyingine

Tiba yangu kuu haiuzwi. Ni kitambaa safi kilicholowekwa kwenye maji ya moto ya kuvumilika, nyuzi 40 hivi, kikawekwa juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni, halafu kope zikasuguliwa taratibu kuelekea kwenye nywele zake. Kitambaa hupoa upesi, kwa hiyo kaa na chupa ya chai pembeni ukiloweka tena. Ujaribu kwanza joto lake kwenye mkono. Wiki ya kwanza sikuona kitu. Wiki ya tano nilishona gauni la kipaimara mpaka saa mbili usiku bila kusimama. Tezi zikikataa kufunguka, daktari anaweza kuongeza doksisaiklini kwa wiki kadhaa, mjamzito hapewi.

Kwa dada yangu kitambaa hakina kazi kubwa, kwani shida yake ni maji. Yeye anaishi kwa machozi bandia, na hapo chaguo la chupa ndilo lenye maana. Chupa za kawaida huwekwa kihifadhi, mara nyingi benzalkoniamu kloraidi, ili bakteria wasizaliane. Ukitia matone mara tatu au nne kwa siku hakuna neno. Ukitia mara nane au kumi, kama yeye, kihifadhi chenyewe kinaanza kukwaruza jicho, na unatia zaidi kwa sababu ya dawa unayotia. Vichupa vidogo vya dozi moja havina kihifadhi, lakini ni ghali zaidi na vinatupwa baada ya kufunguliwa. Hesabu yake ilivyomwendea: vya dozi moja mchana, jeli nzito usiku wakati wa kulala. Jeli hutia ukungu, kwa hiyo haifai kabla ya kazi ya mikono. Chupa ya kawaida ikifunguliwa, andika tarehe ubavuni. Baada ya wiki nne iondoe hata kama imejaa.

Zipo ngazi za juu. Kuna vizibo vidogo vinavyowekwa kwenye tundu ambalo machozi hupitia kwenda puani, ili maji machache yaliyopo yakae. Vinamfaa mtu wa aina ya dada, lakini kama kope zimevimba hutibiwa kwanza. Kuna matone ya siklosporini, yanayopunguza mashambulizi ya kinga. Huchoma mwanzoni na matokeo yake husubiriwa kwa miezi, mara nyingi mitatu au zaidi, na wengi huyaacha kwenye mwezi wa kwanza wakidhani hayafanyi kazi. Hayakai kwenye kila rafu, hivyo kabla hujaondoka kliniki muulize daktari yanapatikana wapi na kwa bei gani, na kama utamudu kuendelea. Ni afadhali kumwambia pale pale kwamba huwezi, akubadilishie, kuliko kuanza na kukatiza njiani.

Binti wangu anakwenda Mount Meru Jumanne. Nimemwambia aweke kwenye mfuko chupa zote alizowahi kutumia, hata zilizoisha, na vidonge vyake vya aleji. Asitie matone yoyote asubuhi hiyo, maana yatavuruga vipimo. Aende na mtu, kwani wakimtia dawa ya kupanua mboni hataweza kusoma hata kibao cha daladala kwa saa kadhaa. Akifika mbele ya daktari aulize lile swali kwa maneno yale yale. Na wanja auache nyumbani siku hiyo.